Majitaka na polio: kituo chetu kinaleta hasi tupu, hata virusi vingine vya utumbo havionekani. Tatizo liko wapi?

Chemba_Kuu (mwanzisha mada)

Wakuu wa afya mazingira na wa maabara, habari za kazi.

Naomba mawazo yenu kuhusu kituo cha kuchukulia sampuli za majitaka kwa ajili ya ufuatiliaji wa polio. Mji ni wa kati, makao makuu ya mkoa, Tanzania bara. Sehemu ndogo ya wakazi ndiyo imeunganishwa na mtandao wa majitaka. Waliobaki wana vyoo vya shimo na makaro yanayonyonywa na magari. Mtandao unaishia kwenye mabwawa ya kutibu majitaka, na sampuli zinachukuliwa pale yanapotokea kwenye bwawa la mwisho, kwa sababu hapo pamejengwa ngazi na sakafu ya saruji, mchotaji hatelezi. Tunachota lita moja, mara moja kwa mwezi, saa nne au saa tano asubuhi geti likishafunguliwa. Chupa inawekwa kwenye boksi la baridi na kusafirishwa kwa basi la usiku.

Majibu ni hasi. Sisemi hasi ya polio tu. Hata enterovirusi zisizo za polio, ambazo watoto wa mji wowote wanakuwa nazo tumboni, karibu hazionekani kabisa. Mkoani hasi hizi zinapokelewa kama habari njema. Mimi naona hazituambii lolote.

Maswali yangu: kituo kihamie wapi? Watu wa vyoo vya shimo tuwafikie vipi, na je, yale magari ya kunyonya yanafaa kuchotwa? Na tutajuaje kama kasoro iko kituoni, njiani au maabara?

---

Mtaro_Mkubwa

Mkuu, wasiwasi wako una msingi. Kituo kinachokosa polio na kikakosa pia enterovirusi nyingine hakijathibitisha kwamba mji uko salama. Kipimo kinachotumika ni kwamba ndani ya miezi 12, angalau nusu ya sampuli za kituo ziwe na enterovirusi ya aina yoyote. Kikiwa chini ya hapo, kituo kinarekebishwa au kinahamishwa.

Kwako sababu ya kwanza inaonekana hata kwa mtu aliye mbali: mnachota maji yaliyokwisha kutibiwa. Majitaka hukaa kwenye mabwawa siku nyingi, wakati mwingine wiki kadhaa. Virusi vingi hushikamana na chembechembe za kinyesi, chembechembe zikizama navyo vinazama. Vinavyobaki juu vinapigwa na jua. Mabwawa yamejengwa kwa kazi hiyo hiyo, kwa hiyo maji ya bwawa la mwisho yakikosa virusi maana yake mabwawa yanafanya kazi vizuri. Hamia upande wa kuingilia, kabla ya bwawa la kwanza na kabla ya chujio la takataka kama lipo. Kama pale pana hatari ya kuteleza, tengenezeni kingo na kamba. Saruji ya mita mbili ni gharama ndogo kuliko mwaka mzima wa sampuli zisizo na maana.

Sababu ya pili ni saa. Mtiririko wenye kinyesi kingi ni wa alfajiri, watu wanapoamka na kwenda chooni. Chota kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi. Saa tano unapata maji ya kufulia na kuoshea vyombo. Ila kama chemba iko mbali sana na makazi, ongeza muda wa maji kusafiri bombani. Na geti lisiwe kisingizio: omba ufunguo wa pili kwa mamlaka ya maji, kwa barua, jina la mchotaji likiwa limeandikwa humo.

Sasa vyoo vya shimo. Hapa ndipo kazi ilipo, kwa sababu miji yetu mingi iko hivyo. Magari ya kunyonya usiyategemee. Tope la karo limekaa miezi au miaka, linatoka nyumba moja au mbili, limejaa mchanga na wakati mwingine dawa zilizomwagwa kupunguza harufu. Ukipata hasi humo hujui ni ya nani wala ya lini.

Angalia mitaro. Anayetoa virusi vya polio kwa wingi ni mtoto mdogo, na mtoto mdogo haendi chooni. Nepi zinafuliwa kwenye beseni uani na maji yanamwagwa mtaroni. Poti nalo mara nyingi linaishia huko huko. Makaro yanayovuja nayo yanatiririka kuelekea mtaro ule ule. Kwa hiyo mtaro mkuu unaokusanya mitaa yenye msongamano unaweza kuwa kituo kizuri kuliko bomba linalohudumia ofisi na hoteli. Pita na ramani wakati wa kiangazi, kwa miguu, ukiufuata mtaro kutoka chini kwenda juu. Unatafuta mahali ambapo maji hayakauki mwaka mzima, yanatoka eneo la watu kati ya laki moja na laki tatu ikiwezekana (mji wako ukiwa mdogo chukua mkusanyiko mkubwa uliopo), na hakuna kiwanda wala machinjio juu yake. Maji ya kiwanda cha nguo au cha ngozi yanaua seli za maabara, majibu yanarudi hayasomeki. Hospitali yenye tabia ya kumwaga klorini nayo ni tatizo, chota juu ya makutano yake. Stendi ya mabasi na soko kuu vikiwa ndani ya eneo hilo ni faida, maana virusi husafiri na watu.

Jinsi ya kuchota, kwa kifupi. Tumia ndoo ndogo yenye kamba, isuuze mara tatu kwa majitaka yale yale, usitumie maji ya bomba yenye klorini. Chota katikati ya mtiririko, chini kidogo ya uso wa maji, usikombe povu la juu wala tope la chini. Jaza chupa ya plastiki ya lita moja yenye mdomo mpana na mfuniko wa kuzungusha, ukiacha nafasi kidogo juu. Andika jina la kituo, tarehe na saa kwa wino usiofutika kabla hujaishika kwa glovu zilizolowa. Futa chupa kwa nje na klorini ya asilimia 0.5 (jiki ya asilimia 3.5: kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji) mfuniko ukiwa umeshafungwa, na kamwe si kabla. Kisha chupa ndani ya mfuko, mfuko ndani ya mfuko, halafu kwenye boksi.

Mvua kubwa ikinyesha usiku, ahirisha siku mbili tatu. Wakati wa masika hutapata siku kavu, basi chota tu na uandike kwenye fomu kwamba ilinyesha, ili anayesoma majibu ajue sampuli ilizimuliwa.

Na jambo moja nisilopenda kuliona tena popote: mtu asiingie chembani. Gesi iliyomo inaua kabla hujaita. Ndoo inashuka, mtu anabaki juu, na wawe wawili. Buti, glovu ndefu, miwani, na wawe wamechanjwa polio, pepopunda, taifodi na homa ya ini A.

---

Seli_L20B

Naongezea upande wa maabara, maana swali lake la tatu ni zuri na watu wengi hawaliulizi.

Kwanza uelewe ni kiasi gani cha maji yako kinachopimwa kweli. Kwa njia ya kawaida ya maabara za polio, kati ya lita moja tunachukua mililita 500. Tunazungusha kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi) ili masimbi yashuke, masimbi tunayatunza. Maji ya juu yanarekebishwa pH iwe kati ya 7 na 7.5, kisha yanachanganywa na kemikali za PEG 6000 na dekstrani pamoja na chumvi, yanatikiswa saa nzima kwenye baridi, na yanalazwa usiku mmoja kwenye faneli ya kutenganishia kwa nyuzi 4. Asubuhi kuna tabaka mbili. Virusi viko kwenye tabaka dogo la chini na kwenye mpaka wa tabaka hizo. Tunakusanya hilo, tunarudishia masimbi yetu, tunasafisha kwa klorofomu na viuavijasumu, na tunabaki na mililita 10 hivi. Mililita 500 zimekuwa 10, yaani mara 50.

Kisha tunaingiza nusu mililita kwenye kila chupa ya seli: tano za L20B na moja ya RD. L20B ni seli za panya zilizowekewa kipokezi cha binadamu cha polio, kwa hiyo kimsingi zinakamata polio tu. RD ni seli za binadamu na zinakubali enterovirusi nyingi. Piga hesabu: chupa tano za nusu mililita ni mililita 2.5, sawa na mililita 125 za majitaka ya mtaroni. Nusu kikombe hivi ndiyo inayousemea mji.

Sasa chukua eneo la watu 100,000 wanaotoa lita 80 kila mmoja kwa siku. Hiyo ni lita milioni 8. Mtoto mmoja aliyeambukizwa anaweza kutoa virusi hai milioni 10 kwa siku. Vikisambaa sawasawa bila kupotea hata kimoja, unapata kirusi kimoja na robo kwa lita, na kwenye mililita 125 unapata kama 0.16. Maana yake mtoto mmoja utamkosa mara nyingi. Watoto 30 hutawakosa kirahisi. Ndiyo maana kuchota mara mbili kwa mwezi kunasaidia kuliko watu wanavyodhani, na ndiyo maana kupoteza nusu ya virusi njiani kwa sababu ya joto si jambo dogo.

Mfumo ukiwa sawa, njia hii ina nguvu. Helsinki waliwahi kumwaga virusi vya chanjo chooni, kilomita 20 hivi kutoka kwenye mtambo wa majitaka, wakaviona mtamboni kwa siku nne.

Kutofautisha kituo, njia na maabara, fuata mpangilio huu.

Njia: omba kipimajoto kinachorekodi kikae ndani ya boksi kutoka mtaroni hadi mezani kwetu. Joto libaki chini ya nyuzi 8, na sampuli ifike ndani ya saa 48. Boksi la chini ya basi, karibu na injini, ni adui mkubwa kuliko umbali. Kama haitawahi, igandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri pale pale na isafiri ikiwa imeganda. Kuganda na kuyeyuka mara mbili kunaharibu zaidi.

Maabara: uliza kama chupa ya RD iliwekwa kweli, na ilikuwaje. Enterovirusi zisizo za polio karibu zote zitaonekana kwenye RD, na hiyo ni chupa moja tu. Kama seli zilikufa siku ya kwanza, hiyo ni sumu, haina uhusiano na virusi. Tunarudia kwa kuzimua au kwa klorofomu zaidi. Kama RD za vituo vingine vya wiki hiyo zilikua vizuri na zikatoa virusi, seli hazina kosa. Omba majibu ya kila chupa, usikubali neno "hasi" peke yake.

Kituo: hapa una kipimo cha bure ambacho wengi wanakisahau. Watoto wetu wanapewa matone ya polio wanapozaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Matone hayo yana virusi hai vilivyodhoofishwa vya aina ya 1 na ya 3, na mtoto anavitoa kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa. Kwenye mji wenye watoto wachanga, virusi hivyo vya chanjo vinatakiwa kuonekana majini mara kwa mara, na zaidi baada ya kampeni ya nyumba kwa nyumba. Chota wiki ya kwanza hadi ya nne baada ya kampeni. Kama watoto wa eneo lote wamepewa matone na kituo chako hakijaona hata kirusi kimoja cha chanjo, kituo hicho ni kipofu. Hakingeona polio ya mwitu pia.

---

Chemba_Kuu

Asanteni sana. Nimeelewa upande wa kuingilia, na mtaro nitaupita kwa miguu. Mambo mawili: mtaro mkubwa wa kwetu una siku maji yanakuwa kidogo mno, inchi mbili tatu. Je, kitambaa cha shashi kilichofungwa na kuachwa majini kinafaa? Na ile mifuko ya kuchujia lita nyingi, ina faida kweli au ni gharama tu?

---

Seli_L20B

Shashi inafanya kazi pale ambapo maji ni machache au yanakuja kwa vipindi. Ikunjwe, ifungwe kwa mshipi, iachwe siku moja hadi tatu, kisha ikamuliwe. Tatizo hujui ni lita ngapi zimepita juu yake, hivyo huwezi kulinganisha mwezi na mwezi. Kwa "ipo au haipo" inafaa. Kwa takwimu za kituo cha kudumu, bado napendelea kuchota. Maji ya inchi mbili yanachotwa kwa kikombe cha mpini mrefu kidogo kidogo kila dakika chache kwa nusu saa, mpaka lita ijae.

Mifuko ya kuchuja ya lita sita hivi ilijaribiwa Nairobi sambamba na njia ya lita moja. Kubeba kichujio ni rahisi kuliko kubeba chupa, na maji yanayopimwa ni mengi zaidi. Lakini kwenye maji mazito kichujio kinaziba kabla lita hazijaisha, na vifaa vinaagizwa kutoka nje. Rekebisha kwanza mahali na saa. Ukichuja lita sita za bwawa la mwisho utapata hasi iliyo ghali zaidi.

---

Ramani_ya_Kata

Niingie upande wa matumizi ya majibu, kwa sababu kituo kizuri kisicho na mpango wa kuitikia kinaleta taharuki tu.

Kwa nini tunahangaika na mitaro wakati tuna ufuatiliaji wa watoto wanaopooza ghafla? Kwa sababu polio ya mwitu ya aina ya 1 inapoozesha takriban mtu mmoja kati ya 200 wanaoambukizwa, na aina ya 2 inapoozesha wachache zaidi, kama mmoja kati ya 2,000. Ukimsubiri mtoto aliyepooza, virusi vimeshatembea mji mzima. Israeli mwaka 2013 polio ya mwitu ilizunguka kwenye majitaka ya kusini mwa nchi bila mtoto hata mmoja kupooza. Walikuwa wanatumia chanjo ya sindano peke yake, ambayo inalinda mishipa ya fahamu lakini haizuii virusi kuzaliana utumbuni. Majitaka ndiyo yaliyowafanya warudishe matone Agosti mwaka ule.

Kwetu Afrika Mashariki mifano ipo. Machi 2018 sampuli ya Eastleigh, Kamukunji, Nairobi ilitoa virusi vya aina ya 2 vilivyotokana na chanjo (virusi vya matone vilivyozunguka kwa watu mpaka vikabadilika), vyenye undugu na vile vya Mogadishu, na Kenya ikachanja bila kusubiri mgonjwa. Mwaka 2021 vilionekana Kampala, kwenye vituo vya Lubigi na Bugolobi. Burundi, Machi 2023, mtoto wa miaka minne wa wilaya ya Isale alithibitishwa pamoja na sampuli tano za majitaka. Mwaka huo huo Rukwa ikapata mgonjwa wake. Virusi hivi havisomi mipaka, na hakuna mji wenye stendi unaoweza kujihesabu uko nje.

Sasa simu ikipigwa kwamba kituo chako kimeonyesha kitu, swali la kwanza ni aina gani. Aina ya 1 na ya 3 za chanjo ni za kawaida, kama Seli_L20B alivyoeleza. Aina ya 2 si ya kawaida kabisa, kwa sababu iliondolewa kwenye matone ya ratiba ya dunia nzima Aprili 2016. Ikionekana, ama imetoka kwenye kampeni ya karibuni ya matone ya aina ya 2, au imezunguka kwa watu muda mrefu. Kusoma vinasaba ndiko kunakotenganisha: kwa aina ya 2, tofauti ya nyukliotidi (herufi za vinasaba) sita au zaidi kwenye eneo la vinasaba vya kirusi liitwalo VP1 inaitoa kwenye kundi la chanjo. Eneo hilo lina nyukliotidi kama 900 na linabadilika kwa takriban asilimia moja kwa mwaka, hivyo ukipata tofauti tisa unajua virusi vimekuwa njiani mwaka mmoja hivi bila kuonekana. Hapo ndipo unapouliza nani alikuwa hatazami.

Sampuli moja bado haitoshi kusema virusi "vinazunguka". Tunataka undugu wa vinasaba kati ya sampuli na mgonjwa, au sampuli za vituo viwili visivyochangia eneo, au za kituo kimoja zilizopishana zaidi ya miezi miwili. Lakini usikae ukisubiri uthibitisho huo. Kuanzia siku ile ile pitieni rejista za vituo vya afya, mtafute watoto waliolegea mguu au mkono ndani ya miezi sita iliyopita. Chota kila wiki badala ya kila mwezi. Panda juu ya mtaro, uchote kwenye kila makutano, ili eneo la watu laki mbili lipungue kuwa kata mbili tatu. Toeni orodha ya watoto ambao hawajapata hata dozi moja. Kampeni ya kwanza kubwa inalengwa ndani ya siku 28 za uthibitisho. Nchi nyingi zinachelewa. Uganda ilitangaza Agosti 2021 na watoto wakapata matone mapya ya aina ya 2 (nOPV2) Januari 2022. Kuchelewa huko kunaumiza, kwa hiyo bajeti ya dharura, majokofu na orodha ya wachanjaji viandaliwe kabla ya simu.

Ombi moja kwa Chemba_Kuu: ukiwasilisha majibu mkoani, usiyaweke kwa jina la mtaa. Sema "eneo la kituo namba fulani". Virusi vilivyokutwa mtaroni vinaweza kuwa vya msafiri aliyelala gesti usiku mmoja. Mtaa ukishaitwa mtaa wa polio, akina mama wanaficha watoto, na hapo umepoteza kampeni kabla haijaanza.

---

Mtaro_Mkubwa

Hapo kwa Ramani naunga mkono. Nyongeza ya mwisho kwa mwenye mada: usifunge kituo cha zamani siku moja na kufungua kipya. Chota vyote viwili kwa miezi mitatu, saa ile ile, boksi lile lile. Kipya kikitoa enterovirusi na cha zamani kisipotoa, utakuwa na ushahidi wa kuwaonyesha wanaofurahia hasi, na hakuna atakayesema ni maabara au ni basi.

---

Seli_L20B

Na uombe maabara isitupe mililita zilizobaki kati ya zile 10 baada ya kupima. Zikihifadhiwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, siku virusi vikionekana tunaweza kurudi nyuma kwenye sampuli za zamani na kuona vilianza lini. Hakikisha tu namba iliyo kwenye chupa inafanana na iliyo kwenye fomu, kwa sababu sampuli isiyojulikana ya tarehe gani hatuwezi kuifanyia kazi hiyo.